Viatu vya Mzee Yin

Siku hizi wafu wa Gaochang, mji wetu wa jangwani, huzikwa na viatu vya sokoni, vyote saizi moja, na watu wanajiona wameendelea. Zamani alikuwapo Bi Suo. Mjane huyu alikata viatu vya karatasi vya maiti kwa miaka thelathini, na hakuna marehemu aliyekwenda zake na kiatu cha kumbana. Karatasi mpya ilikuwa adimu, kwa hiyo alitumia makaratasi yaliyotupwa na ofisi za serikali: orodha za farasi, kesi za mifereji, hati zilizokwisha muda. Kusoma hakujua. Alijua tu ipi ngumu na ipi itapasuka.

Chumba cha uani alimpangisha Wakhushak, Msogdi, mgeni kutoka magharibi, mwuza miski na mwabudu moto.

"Moto wako unanimalizia kuni," Bi Suo, Mbudha wa kufunga na kusali, humwambia.

"Na ubani wako unanimalizia pua, mama."

Kila mwaka, Wakhushak akipata hati mpya ya njia, yaani ruhusa ya kusafiri, ile ya zamani humwachia Bi Suo juu ya mkeka wa uani. Ndiyo ilikuwa zawadi yake.

Mwaka ule mzee Yin, mtengeneza divai ya zabibu, alifariki siku ambayo msafara wa Wakhushak ulikuwa uondoke adhuhuri. Bi Suo aliona karatasi juu ya mkeka, yenye mihuri myekundu. Akamshukuru mpangaji wake kimoyomoyo, akashika mkasi. Viatu vikatoka vizuri, akavipeleka msibani.

Aliporudi alimkuta Wakhushak anapekua chumba, jasho linamtiririka.

"Mama, hati yangu iko wapi?"

"Si umeniachia, kama kawaida?"

"Ya zamani ninayo kifuani! Ile ilikuwa mpya, niliianika wino ukauke!"

Bi Suo akakaa chini. Bila hati, kwenye mnara wa kwanza tu walinzi wangemkamata kama mtoro, na punda wangetaifishwa.

"Basi imo mguuni mwa mzee Yin," akasema.

"Mguu upi?"

"Yote miwili, baba."

Walikimbia. Kule msibani walikuwa wameshaanza kumzungushia marehemu mkeka. Mkwewe alifoka, "Mnataka kumvua maiti? Akatembee peku huko, kama mwizi?"

"Hatakwenda peku," Bi Suo alisema. Akatoa kifuani karatasi nyeupe, mpya, ambayo haijaguswa na kalamu. Mtaa mzima uliijua. Aliiweka miaka tisa kwa ajili ya miguu yake mwenyewe.

Mke wa marehemu aliitazama karatasi ile, kisha akamtazama Msogdi aliyesimama mlangoni.

"Mvueni taratibu," akasema. "Kisigino cha kushoto kilikuwa kinamuuma."

Bi Suo alikata viatu vipya palepale, akamvalisha mzee. Kisha akashona vipande vya hati, pamoja na mabaki ya mkasi, kwa uzi wa hariri, mhuri ukakutana na mhuri. Jua lilikuwa utosini walipofika langoni.

Karani aliishika hati kwa ncha za vidole. "Nani kaikanyaga hii?"

"Maiti, bwana," akajibu Wakhushak.

Karani aliisoma yote, akapitisha kidole juu ya mishono. Mikono iliyoshona hapo ndiyo iliyomvalisha mama yake mzazi viatu vya kaburini.

"Maneno yote yamo," akawaambia walinzi. "Mwacheni apite."

Wakhushak aliinama hadi vumbini mbele ya Bi Suo, naye akamsukuma bega. "Inuka, msafara unakuacha!"

Miaka miwili baadaye Wakhushak alirudi, akamkuta Bi Suo hawezi tena kuinuka kitandani. Akaichomoa hati ile yenye mishono, muda wake umekwisha, akachukua mkasi.

"Lete mguu nipime, mama."

"Wa kulia mkubwa kidogo. Usinipunje."

Msogdi alikata vibaya, kingo zikawa kama zimetafunwa na panya. Bi Suo akavivaa akiwa hai, akachezesha vidole vya miguu chini ya shuka.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Havibani."