Mu jeep ya bwana yangu hamuna nafasi ya mama

Admini, ficha jina langu, juu bwana yangu anasomaka page hii. Mi niko na miaka makumi mbili na sita, mama wa batoto babili, hapa Kolwezi.

Wakati kampuni ya mugodi ilitufukuza mu kartie yetu, bwana alipokea feza ya nyumba. Badala ya kutafuta parsele ya kujenga, akanunua jeep, karibu mupya. Sisi tunapanga chumba kimoja. Mama yangu analala inje, mu motokari ndefu ya zamani yenye marehemu baba aliniachia, juu kwa desturi yetu mukwe hawezi kulala chumba kimoja na muume wa binti yake.

Siku ya kufukuzwa, niliomba bwana amubebe mama mu jeep. Alisema mukwe hapandi karibu naye. Nikamukumbusha kwamba baba alikuwa anatundika kitenge katikati ya siti, na wakwe banasafiri bila haya. Alijibu kitenge itaharibu jeep yake. Akaenda, siti za nyuma mutupu. Nilipeleka kwanza batoto na bitu mu motokari ya baba, ikajaa, kisha nikarudi kumubeba mama. Nilikuta mama amekaa juu ya mabati yetu, vumbi mupaka mu macho, mashini inabomoa nyuma yake.

Sitadanganya, jeep ni muzuri. Iko juu, iko na hewa ya baridi, mvua ikinyesha inapita pote. Ile ya baba inakwaruza tumbo chini na inakunywa mafuta ya esanse sawa mulevi. Lakini siti yake ya nyuma ni pana. Mama ananyoosha miguu yake yenye kuvimba, na mutoto mudogo analala kifuani kwake.

Mbele ya barafiki, bwana alionyesha ile motokari, akasema, "Angalia. Sawa bibi yangu: mukubwa, ya zamani, inakula mingi, haiendi mbali." Banacheka. Na mi nilicheka, ili amalize haraka.

Sasa ameiuzisha kwa banunuzi ba byuma bya kuharibika. Nikauliza mama atalala wapi. Alikuwa anapangusa kioo ya jeep, hakugeuka. "Bataibeba na mama yako ndani."

Mama alisikia. Asubui nilimukuta anakunja blanketi. Anasema atafika Lubudi kwa kaka yake, hata kwa miguu, mi nichunge ndoa yangu.

Funguo iko kwangu. Baba alinifundisha kuendesha, naweza kumufikisha Lubudi. Lakini bwana amesema ile motokari ikitoka mu lupango, hapa mu kiwanja chetu, nisirudi tena, na batoto babaki, ni bake, alilipa mahari. Mudogo angali ananyonya.

Banunuzi banakuya kesho. Bamama, musiniambie nivumilie, hiyo nilishaifanya. Niambieni tu: kesho niache nani, mama ao batoto?