Kifua cha Seremala

Mke wa seremala hakujua kupika, na hilo halikuwa siri. Wali wake ulikuwa mbichi juu na umeungua chini, na seremala aliula miaka kumi na tisa bila kununa. Kwa hilo tu angestahili pepo.

Lakini samli aliijua. Aliyeyusha siagi kwa moto mdogo, akaengua povu, akachuja kwa kitambaa cheupe. Mtu akikohoa alimpa kijiko kimoja chenye tangawizi anywe, kisha akampaka nyingine kifuani na mgongoni ikiwa vuguvugu. Mafua, kama tujuavyo, huondoka yenyewe baada ya wiki, ila sifa zote alizoa yeye. Mtaa mzima ukamwita Mama Samli, naye ambaye hakujaliwa mtoto alilipokea jina hilo kwa furaha. Aliyemsifu kuliko wote alikuwa mumewe.

Basi seremala alipoanza kukohoa, kila jioni alivua shati, akakaa kwenye kigoda, akapakwa.

"Unajionaje?"

"Aa, kifua chepesi kabisa! Mikono yako hii, bibie, wangeijua madaktari wangefunga milango."

Mkewe akacheka, akafunika chupa. Mwezi ukapita, ukaja wa pili. Seremala akakonda, akasema ni kazi nyingi. Akawa anachelewa kurudi, na hata akirudi anasimama nje ya mlango kitambo kabla ya kubisha. Mwisho akahamia kulala sebuleni, eti chumbani kuna joto.

Hapo mkewe hakuvumilia. Asubuhi moja alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Baba, kama umepata mwingine niambie. Mimi si mtoto mdogo."

Seremala akaangua kicheko. Mwingine, na mbavu hizi! Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma. Alipoondoa leso mdomoni, ilikuwa na damu.

Hospitalini daktari aliitazama picha ya mapafu, kisha akamtazama mke.

"Mama, mbona mmechelewa hivi?"

"Alikuwa amepona, daktari. Nilimtibu mwenyewe."

Daktari akamgeukia mgonjwa. Mgonjwa akaangalia ukuta.

Walipobaki wawili, seremala alisema yote. Alikuwa akikohoa kutwa nzima karakanani, na kazi ikiisha alibaki kwenye benchi lake mpaka kifua kitulie, ndipo aende nyumbani.

"Kwa nini lakini, mume wangu?"

"Ulikuwa unafurahi sana ukinipaka. Ningekwambiaje kwamba haisaidii?"

Mkewe alitaka kumpiga kofi, akamshika mkono. Wiki tatu baadaye alimzika. Waombolezaji walinong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aliwasikia na akawachukia, kwa sababu walisema kweli, na kwa sababu hawakujua alifichwa nani na kwa mapenzi gani. Alijichukia na yeye pia. Miezi mitatu aliuliza kila siku, na kila siku alipewa jibu alilolitaka.

Hakuyeyusha siagi tena. Hata hivyo, haukupita muda mrefu jirani akabisha hodi, kichupa mkononi. Mume wa jirani huyo alikuwa mshona viatu.

"Mama Samli, nisaidie kidogo. Ile uliyonipa zamani imekwisha, na baba watoto anakohoa."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili sasa. Ila nikimpaka anasema anapata nafuu."

Mke wa seremala akashika fremu ya mlango, ambayo marehemu aliiranda kwa mkono wake. Kisha akachukua mtandio, akajitupia kichwani.

"Anashonea wapi viatu vyake?"

"Kule nyuma ya soko. Kwani vipi?"

"Twende sasa hivi. Tusimame mahali asipotuona, tumsikilize."