Filimbi ya Mzee wa Kyarumba

Najua mtasema nilikuwa nimelewa. Pombe siijui, tena ilikuwa mchana, mvua inapiga mji wetu wote wa Bwera. Sikilizeni kwanza, kucheka mtacheka baadaye.

Nilikuwa na studio ndogo ya kurekodi nyimbo nyuma ya soko. Mwaka ule nilipata programu ya kompyuta yenye akili yake: unaipa kipande cha wimbo, inatunga yenyewe kilichobaki. Jamani, niliipenda kuliko chakula.

Akaja dada mmoja wa Kyarumba, kule milimani, jina lake Masika. Baba yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa kifua, hata picha yake hakuwa nayo. Alichobaki nacho ni sauti fupi ndani ya simu, mzee anapiga filimbi. Katikati filimbi inakatika, kimya, halafu inaendelea. Masika alisema pale ndipo pumzi ilimwishia baba yake, na kila akisikia anaumia upya. Jumamosi ilikuwa ibada ya kumkumbuka marehemu. Aliniomba nilizibe lile pengo, ukoo usimsikie baba akihangaika.

Mashine ikaziba, tena vizuri ajabu. Nilikuwa naurudia wimbo peke yangu nilipomwona mzee mlangoni, gunia la kahawa kichwani. Nje mvua inamwagika, yeye mkavu. Nikamkaribisha, hakuketi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba mashine inapiga vizuri kumshinda yeye. Niaminini, hakuwa na hasira hata kidogo. Kisha akatoa filimbi, akapiga wimbo uleule.

Nikabonyeza kurekodi. Chumba kizima kilijaa filimbi, lakini mstari wa sauti kwenye kioo cha kompyuta ulilala tu, haukupanda. Alipofika kwenye lile pengo akanyamaza, akageuka kutazama barabarani. Nikamwuliza kama amesahau.

"Hapana, mwanangu. Hapa mutoto iko nyuma. Tunamungojea."

Akatabasamu, akamalizia wimbo. Niliinama kutazama mashine, na nilipoinua macho mlangoni hapakuwa na mtu. Harufu ya kahawa mbichi ilibaki. Nikasikiliza nilichorekodi: kimya, hata mvua haimo.

Masika aliporudi nilimwekea wimbo wa mashine. Akasema ni mtamu, ila uso wake haukufurahi. Ningenyamazaje? Nikamweleza yote, na yale maneno ya mzee. Akakaa chini sakafuni.

Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo yeye na baba yake walikuwa wakiteremka mlima pamoja kwenda kuuza kahawa, baba mbele na gunia kichwani, mikono kwenye filimbi. Yeye alikuwa anachoka, anabaki nyuma, na filimbi inakatika. Kila mara akimfikia baba, filimbi inaanza tena. Hakuwahi kujiuliza kwa nini. Mtoto atajuaje kwamba anangojewa?

"Kumbe haikuwa pumzi," akasema. "Ni mimi."

Akalia sana, nami nikalia naye.

Jumamosi tuliwasikilizisha watu ile sauti ya simu, na pengo lake. Kimya kilipofika Masika alisimama, akatabasamu kama yule mzee.

Mashine bado ninayo, na inanisaidia kazini. Lakini tangu siku ile, kabla ya kuziba chochote, natazama mlangoni kwanza. Nanyi mkiipa mashine wimbo wa mtu wenu, msiwe na haraka na kimya chake. Ulizeni kwanza anamngojea nani.