Jirani Aliyesoma Habari ya Duka Letu

Mwezi uliopita nilirudi Sumbawanga kumzika jirani yetu wa mtaa wa Katandala. Nilishuka basi asubuhi bila sweta. Mtu akikaa Dar miaka mingi husahau baridi ya Ufipa. Kanisani watu walijaa mpaka nje, wengi wao wakulima wa vijijini ambao hawakuwahi kuiona sura ya marehemu. Waliijua sauti yake. Alikuwa mwandishi wa habari katika redio ndogo ya mji wetu, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu.

Nilipokuwa na miaka kumi, nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa michongoma tu. Asubuhi nikifagia uwanja nilimsikia akiipiga pikipiki yake teke mara nne, mara tano, huku akiigombeza kwa Kifipa. Jioni alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Bibi yangu, mama yake baba, alimwekea ugali wa ulezi na maharage, nami nikavipeleka. Mara nyingi nilimkuta jikoni akisoma habari ya kesho kwa sauti, akifuta maneno kwa kalamu.

“Mtu akielewa nusu,” aliniambia siku moja, “nusu nyingine atajimalizia mwenyewe, na ataimalizia vibaya.”

Baba alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Mbeya, mwenye duka la pembejeo sokoni. Koti lake lilinuka dawa ya mbegu siku zote. Mwaka mmoja mvua zilianza vizuri, watu wakapanda, na baada ya wiki mbili wakulima wa kijiji cha Milepa, kule bondeni, wakaanza kuja mjini. Mahindi yao hayakuota, na wote walikuwa wamenunua mbegu kwetu. Baba alidai walifukia chini mno. Bibi, aliyekuwa akipepeta ulezi mlangoni, alisema tu, “Shamba halisemi uongo.”

Jirani akaenda Milepa, akakaa siku mbili. Aliporudi hakupitia kwake. Alikuja kwetu moja kwa moja, buti zina matope, akapiga hodi. Mimi ndiye niliyemfungulia.

“Shemeji,” alimwambia baba, maana mama yangu ni Mfipa kama yeye, “nimefukua mashimo kwa mikono yangu. Mbegu zimeoza. Kesho saa saba mchana nitaisoma habari hiyo, na jina la duka litakuwemo. Nimekuja unieleze ya kwako, niyasome pia.”

“Unanimaliza,” baba alisema. “Na tumekula pamoja humu ndani.”

“Najua. Nieleze.”

Baba alichukua koti akatoka, akaenda kukaa sokoni. Jirani alisubiri mpaka chai aliyopewa ikapoa, akaaga.

Kesho yake mama alifungulia redio kwa sauti ndogo. Jirani alitaja kijiji, akataja duka, akasema mwenye duka hakutaka kuzungumza. Hakuongeza chumvi. Mimi nililia, kwa sababu nilijua shuleni itakuwaje, na ikawa hivyo. Wenzangu waliniita Mbegu hadi muhula ukaisha.

Baba akapiga marufuku yeyote wa nyumba yetu kumsalimia. Bibi akabeba bakuli la ugali mwenyewe siku hiyohiyo, akampelekea. “Marufuku yako iishie kwa uliowazaa,” alimwambia baba.

Siku ya tatu baba alikodi gari, akapakia mbegu nyingine, akateremka Milepa wakati mvua bado zipo. Aliyoyasema huko siyajui. Jirani aliisoma habari hiyo nayo, kwa sauti ileile. Kisha akamfuatilia mtu aliyemuuzia baba mbegu mbovu, mpaka wakaguzi wakalifunga ghala lake.

Urafiki haukurudi. Walisalimiana tu, miaka yote.

Makaburini baba alinishika mkono, miguu haimbebi vizuri siku hizi. Mzee mmoja wa Milepa alimtambua, wakasimama pembeni wakazungumza habari za mvua. Tuliporudi nyumbani niliona michongoma imeng'olewa na ukuta wa tofali umejengwa. Upande wa pili, kwenye chumba cha mbele cha jirani, wapangaji wake wamefungua saluni. Wiki hiyo simu za watu zilikuwa zikisambaza habari mbaya za mwalimu mmoja wa pale mtaani. Niliuliza kama kuna aliyekwenda kumsikiliza mwenyewe. Wakanishangaa.

Jioni, tukila, nilimuuliza baba kama alishamsamehe jirani.

“Hakunikosea,” alisema. “Alikuja kuniuliza, mimi nikachukua koti.” Akanawa mikono taratibu. “Mara ngapi nimempita hapo nje nikiwa na la kumwambia. Nikasema, nitamwambia kesho.”

Mama akaondoa vyombo. Hakuna aliyefungulia redio.