Anayekaa Ndani Maji Yakimwagwa

Wivu wa mwanamke juu ya mumewe naujua, nimeuona mwingi na nimeuonja. Lakini wa Bi Tochi ulianzia kwenye kiti. Alimwonea wivu mdogo wake wa tumbo moja kwa sababu ya kukaa ndani ya magari ya watu, tena magari yanayovuja, yanayonuka ukungu na soksi. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nashona viti vya magari katika karakana hiyohiyo, cherehani yangu inatazama uwanja anakofanyia kazi na mumewe, na mwanzoni nilicheka pia.

Mumewe tunamwita Fundi, basi. Wengine pale wanashughulika na injini na breki, yeye anatafuta mahali mvua inapoingilia. Watu wanadhani ni kazi ya kupaka gundi. Haya, nenda kapake gundi kioo kizima, mvua ikinyesha utakuta viatu vyako vinaelea palepale. Maji ya mvua ni waongo wakubwa, yanaingilia huku yanatokea kule. Ndiyo maana Fundi hafanyi kazi peke yake. Mmoja anakaa ndani na tochi, milango imefungwa, vioo vimepandishwa. Mwingine yuko nje na mpira wa maji. Wanaanzia chini, kwenye kizingiti cha mlango, wanapanda taratibu mpaka paani, kwa sababu ukianzia juu kila kitu kinaloa na hujui kilichovuja ni kipi. Maji yakishaanza kutiririka kiooni, wa nje hamwoni tena wa ndani. Anasubiri kugongewa tu. Wa ndani akigonga, maana yake nimeona, funga maji. Fundi anaweza kubomoa mlango wa gari la mtu kwa kugongewa huko, bila kuuliza swali.

Mgongaji alikuwa mkewe, ndiko jina la Bi Tochi lilikotoka. Alianza kazi hiyo ndoa ikiwa bado mbichi, na usimchezee, alikuwa na jicho. Tone lilikuwa halijaanguka yeye ameshaliona linavyojikusanya nyuma ya raba ya mlango. Wateja walimheshimu, naye alijua kujidai. Akishuka kwenye gari anakung'uta gauni, anatembea polepole kupita mbele ya mafundi wa breki ili wamwone vizuri.

Kisha mwili ukaongezeka. Si kosa, sote tunaongezeka, na nguo za zamani tunazitunza kwa matumaini. Wakati huohuo mdogo wake akaja kuishi nao, ndoa imemshinda, mkononi ana begi na macho yamevimba. Bi Tochi alimpokea kwa moyo mmoja, hilo nalisema mbele ya yeyote. Alimtandikia sebuleni, akamlisha mpaka mashavu yakarudi. Siku moja mgongo wa Bi Tochi ukakaza, mdogo mtu akaingia ndani ya gari badala yake. Mwembamba, mwepesi, anajikunja chini ya dashibodi mpaka unamsahau. Mgongo ukapona, kiti hakikurudi.

"Wewe pumzisha magoti," Fundi alimwambia mkewe, kwa upole kabisa. "Shughulika na mazulia."

Mazulia ni yale yanayong'olewa sakafuni mwa gari yakiwa yamelowa, yanasuguliwa kwa sabuni na kuanikwa ukutani. Mtu aliyekuwa jicho la kazi akapewa brashi. Alisugua zile nyuzi kana kwamba zimemtukania mama.

Nyumbani ndiko kulikoharibika kwanza. Chumvi ikizidi, ni mdogo mtu. Mlango ukibamizwa, ni mdogo mtu. Karakanani alikuja kukaa kwangu, mikono imejaa povu, macho uwanjani.

"Shoga, unawaona?"

"Nawaona wanafanya kazi."

"Wanacheka."

Kweli walikuwa wanacheka. Kabla ya kufungua maji, Fundi alikuwa anaegemea kioo, anasema jambo, na mdogo mtu mle ndani anashika tumbo. Fundi si mtu wa maneno. Hata mimi nilishangaa kumwona akitumia mikono kuelezea.

"Miaka yote nimekaa mle," Bi Tochi akasema, "hajawahi kuniambia kitu cha kunishikisha tumbo."

"Si umwulize wanachekea nini?"

"Nimwulize aseme nina wivu?"

"Kwani huna?"

Akanitazama kama nimemvua nguo hadharani. "Ninao," akasema. "Unanitafuna. Usiku namsikia akigeuka sebuleni, mdogo wangu mwenyewe, na natamani arudi kwa yule mume aliyekuwa akimpiga. Umesikia nilivyokuwa?"

Nilisikia, nikaendelea kushona. Pedali ya cherehani ina faida zake.

Ndipo likaja gari la mkunga. Mama huyo huitwa saa yoyote, mvua ikinyesha kama haina akili nzuri, na kila alipofika kwa mzazi miguu yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye vifundo. Maji yalikusanyika mbele, upande wa abiria. Fundi na shemeji yake wakalishughulikia. Wakaona unyevu kwenye ukingo wa kioo cha mbele, wakakitoa, wakakirudisha kwa gundi mpya. Mvua ikanyesha, mkunga akarudi amenuna. Wakazibua mtaro ulio chini ya wipa, uliojaa majani. Akarudi tena. Wakabadilisha raba za mlango. Safari hiyo mkunga hakuzungumza na Fundi, alizungumza na aliyekaa ndani.

"Wewe binti, mle ndani unatafuta uvujaji au unasinzia? Yule dada yako hakuwahi kunirudisha hapa mara mbili."

Mdogo mtu akainamisha kichwa. Bi Tochi alikuwa ukutani na zulia lake. Nitasema nilichokiona: alitabasamu. Kidogo tu, na upesi akalificha tabasamu nyuma ya brashi.

Jioni ile mdogo mtu alilia kwenye stoo yangu ya sponji, akisema ana mkosi, ameharibu ndoa na sasa anaharibu kazi ya watu, heri aondoke. Bi Tochi akaja kumbembeleza. Akamfuta machozi kwa upindo wa khanga. "Usijali mdogo wangu," akamwambia, "kazi hii si ya kila mtu."

Nami nikaona ni maneno mazuri.

Siku ya mwisho mkunga alikaa kwenye benchi langu, mkoba wake mapajani, akasema haondoki mpaka aone maji kwa macho yake, na kama hayataonekana atawaambia wauguzi wote aliokuwa akiwaleta kwa Fundi wasije tena. Hao wauguzi ndio waliokuwa wakijaza uwanja ule. Fundi alijua, kila mtu alijua. Wakaanza. Chini, katikati, juu. Mdogo mtu akatoka ndani akiwa mkavu, akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga.

"Nipisheni," Bi Tochi akasema. "Nitakaa mimi."

Nilisimamisha cherehani. Alivua kandambili, akaingia kwa shida, kwanza mguu, halafu nyonga, halafu heshima yote iliyobaki, akajivuta mpaka kiti cha nyuma. Mlango ukafungwa. Fundi akazunguka kuchukua mpira, mdogo mtu akaushika kule kwenye mkunjo ili kuunyoosha. Hapo Fundi akamwambia shemeji yake kitu, nadhani ni cha kumtuliza, kwa kuwa yule binti, machozi bado yapo, alicheka.

Bi Tochi aliona. Maji yalikuwa yamefungwa, kioo hakitiririki, aliona vizuri kabisa.

Akagonga. Kwa nguvu, kwa kiganja, kioo kikatikisika. Tulipogeuka alikuwa ameshavuta kitambaa cha darini pale nyuma, chini ya mlingoti wa redio, ile antena ya paani, tochi imemulika juu, kidole kimenyooshwa. Uso unang'aa. Alitaka mumewe amtazame, na mumewe alikuwa anamtazama.

Fundi alisimama na mpira mkononi. Ulikuwa unaning'inia, hautoi hata tone.

"Maji sijafungua," akasema.

Bi Tochi akafungua mlango. "Nimeona. Yanaingilia kwenye mlingoti, yanashuka ndani ya nguzo ya paa, yanapita chini ya zulia mpaka mbele. Njoo uguse."

"Umeona nini, na maji sijafungua?"

Hapo ndipo kidole kilipoanza kushuka. Mkunga alisimama. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni, nikaogopa kuimeza.

"Umejua tangu lini?" Fundi akauliza.

Bi Tochi alikirudisha kitambaa cha darini mahali pake. Akasema kwa sauti ndogo, "Tangu nilipofua zulia lake mara ya kwanza. Sponji ya chini yake ilikuwa imelowa upande wa nyuma wa gari kuliko wa mbele. Nikapapasa dari, nikaona unyevu."

"Ukanyamaza? Nikang'oa kioo cha watu, ukiwa unatazama? Mwenzio akatukanwa, ukiwa unatazama?"

"Mlikuwa mnacheka," akasema. Kisha akapaza sauti, na machozi yakaja nayo. "Kila siku mnacheka! Mimi nafua, nyinyi mnacheka!"

Mdogo wake ndiye aliyemjibu.

"Alikuwa ananihadithia habari zako, dada. Siku uliyosinzia ndani ya lori, akadhani umekosa hewa, akavunja kioo cha mteja. Siku uliyogonga kwa sababu ya mende. Kila siku ana kisa chako. Mimi nilikuwa sikujui hivyo."

Bi Tochi alifunika uso kwa mikono miwili, tochi bado inawaka.

Fundi aliziba tundu la mlingoti siku hiyohiyo, na mkunga akaondoka bila kugombana, akanipa mkono mimi, sijui kwa nini mimi. Mdogo mtu sasa yuko nami, anajifunza kukata vitambaa, amepanga chumba chake mwenyewe. Dada yake huja kumletea chakula. Wanakula, maneno ni machache.

Gari lililofuata lilipoingia, Bi Tochi alivua kandambili akasogea mlangoni. Fundi akamwekea mpira mkononi, akachukua tochi, akaingia ndani mwenyewe. Mpaka leo anakaa ndani mwenyewe.