Lawama ya Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna suruali mpya iliyovaliwa pale kabla ya kupita kwenye cherehani yake kupunguzwa miguu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Ndiyo maana alasiri ile ya kila mwaka, watu wanapokutana ukumbini kuwakumbuka wanajeshi wa zamani na watu wa kujitolea waliofariki, kazi ya kuwasemea marehemu ilikuwa yake.

Na alikuwa na sharti. Hakumsemea mtu kwa sifa tupu; kila marehemu lazima apate lawama moja, tena ya kweli. Mzima moto wa kujitolea alisifiwa kwa watoto aliowatoa kwenye moshi, kisha watu wakakumbushwa kwamba miavuli ya kuazima aliirudisha imevunjika mbavu. Mama aliyewafundisha wazee kusoma bila malipo alisifiwa sana, halafu ikasemwa wazi kwamba akianza kuimba hata paka waliaga. Wafiwa walicheka huku wakifuta machozi, maana hapo ndipo walipomwona mtu wao kabisa.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya mumewe.

Aliitwa Sajini, ingawa jeshi alishaliacha zamani. Alipostaafu alishika spana akawa fundi bomba wa mtaa, bila kupokea hata senti. Bomba likipasuka kwa mjane, Sajini yupo. Choo kikiziba shuleni, Sajini ndani. Alipolazwa kwa mara ya mwisho alimshika mkewe mkono akamwambia, “Mama watoto, siku yangu ikifika usije ukanipamba. Uniseme kama wengine.” Mama Pindo akaapa, akamtoa wasiwasi: lawama zake anazo, gunia zima.

Kumbe gunia lilikuwa na tundu. Wiki ile alikaa kwenye cherehani akazitafuta, asipate hata moja ya kusimama nayo mbele za watu. Zamani aligombana naye kwa matope ya viatu mlangoni. Sasa kizingiti kilikuwa safi na hakupenda kukitazama. Zamani alifoka kwa sababu Sajini alipiga pasi suruali zake kwenye meza ya kukatia vitambaa. Leo angetoa chochote aikute imetandazwa suruali hizo. Kila lawama aliyoishika iligeuka hamu ya kumwona. Binti yake akamshauri amsifie tu, nani atamsema mjane? Akajaribu: shujaa, mpole, mtu wa watu. Akasimamisha cherehani, akajiuliza huyo ni nani. Aliogopa kweli. Lilikuwa ombi la mwisho la mumewe, na alikuwa karibu kulivunja.

Siku ikafika. Akasimama, akasifia jeshi, akasifia spana, akafika penye lawama, akakwama. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, muuza magazeti, akamwonea huruma, akanyanyuka kumsaidia: Sajini aliwahi kumkemea kama kuruta mbele ya wateja, kisa bomba linalovuja. Mwenyekiti wa mtaa naye akasema kwamba mtu huyo alikuja kwake kukaza koki, akaanza hadithi za kambini, na alipomaliza sufuria ya chakula ilikuwa nyeupe. Mwalimu mkuu akadai aliitiwa choo, akaishia kulifundisha darasa zima gwaride mpaka magharibi.

Watu walikuwa hoi kwa kicheko, na Mama Pindo pamoja nao. Kisha akaacha kucheka. Akamuuliza mwenyekiti hiyo sufuria ilikuwa siku gani.

“Siku gani, shemeji? Ilikuwa kila mara.”

Hapo akapandwa na hasira, ya kwanza tangu mazishi, na alifurahi kuiona.

“Basi lawama nimeipata,” akasema. “Mume wangu akitoka ananiambia, narudi sasa hivi. Namngoja, chakula kinapoa, mwishowe nakula peke yangu. Kumbe yuko kwenu, anakula na kusimulia. Alinipunja. Na nyinyi ndio mlionilia saa zangu.”

Walicheka sana, kisha wakaanza kutazamana, maana hakukuwa na mtu mle ndani asiyehusika. Mama Pindo akarudi kitini mwake, moyo mweupe. Alikuwa amemsema kama wengine.

Kesho yake asubuhi muuza magazeti alileta suruali isiyohitaji kupunguzwa, akasema hakai. Alikaa. Mwenyekiti akapita na mkewe kusalimia mara moja tu, wakavuta viti. Mchana akaingia mwalimu mkuu, kifungo cha shati mkononi, hadithi tele mdomoni. Kufika jioni, Mama Pindo alipopakua chakula, sahani hazikutosha.