Anayeshuka Amngoje Anayepanda

Nakumbuka siku niliyorudi kutoka Kayanga kwa miguu, leseni sina, njia nzima nikibishana peke yangu na askari wa trafiki niliyekuwa nimemwacha nyuma ofisini kwake. Mwanangu, wewe unayejiandaa kuketi mbele ya askari kama yule, nisogelee kidogo. Nitakusimulia aibu yangu, nawe uchukue kinachokufaa.

Ilikuwa miaka ya themanini, inaelekea mwisho. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kurudi kijijini kwetu Ihanda, Karagwe, nikiwa na shahada ya kilimo na ulimi mrefu. Nilihoji kila kitu. Nilimhoji katekista kuhusu gharika, nikamhoji mama kwa nini mgeni apewe buni za kutafuna kabla hajaulizwa shida yake. Chama cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimenipa kazi ya bwana shamba, na pikapu ya kuzungukia vijiji hadi kule Kyerwa, kwa sharti kwamba nilete leseni kabla mwezi haujaisha. Nisipoileta, kazi angepewa mwingine ambaye tayari alikuwa na leseni. Na mama alikuwa ameshalitangazia kanisa zima.

Kuendesha nilijua. Kilichoniangusha ni maswali ya mdomo. Afande alikuwa na meza iliyochorwa barabara, na vigari vya mbao juu yake. Alama za barabarani nilizijibu zote. Kisha akaweka vigari viwili kwenye barabara nyembamba ya mlimani, kimoja kinapanda, kimoja kinashuka. "Nani amngoje mwenzake?"

Kijitabu kilisema anayeshuka. Nilikuwa nimekisoma. Lakini nikaanza yangu: "Afande, sheria hiyo haina mantiki. Anayeshuka ndiye mwenye taabu ya kusimama. Huyo aliyeitunga aliwahi kufika Karagwe?"

"Sikukuuliza habari za aliyeitunga. Nimekuuliza wewe utafanya nini."

"Nitafanyaje jambo ambalo sijaelezwa sababu yake?"

Akavikusanya vigari vyake. "Rudi wiki ijayo, msomi. Na ukija, uje kujibu."

Mjomba Laurenti, kaka yake mama, aliendesha lori la kahawa miaka mingi kabla macho hayajaanza kumchoka. Nilimkuta uani anageuza buni kwenye mkeka. Nikamsimulia yote, nikitarajia aniunge mkono. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Wewe umewahi kupandisha mzigo?"

"Mjomba, hili ni suala la fizikia."

"Haya. Kesho saa moja asubuhi uje na hiyo fizikia yako."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Asubuhi alinifungia mikungu minne ya ndizi kwenye baiskeli, nikainama, nikaanza kuisukuma kuupanda mlima wetu wa udongo mwekundu. Akina mama waliokuwa wanatoka kuchota maji wakasimama kunitazama.

"Jamani, huko chuo kikuu ndiko wanakofundishwa haya?" mmoja akauliza.

"Mwacheni," mwingine akamjibu, "anafanya utafiti."

Nilipofika katikati, mjomba akatokea juu akishuka na baiskeli yake tupu, ameishika njia katikati. "Simama! Nipishe, mimi nashuka!"

Nikasimama. Mwanangu, pale ndipo nilipopata jibu langu. Mzigo ulinivuta nyuma, miguu ikateleza kwenye changarawe, kamba ikakatika na mkungu mmoja ukabiringika mpaka miguuni pa wale akina mama. Nikajaribu kuondoka tena, baiskeli haikusogea hata hatua moja. Nguvu niliyokuja nayo kutoka chini ilikuwa imekwisha, na katikati ya mlima hakuna pa kuchota nyingine.

Mjomba akaweka jiwe nyuma ya gurudumu langu. "Sasa nihoji."

"Na anayeshuka akiwa hana breki?"

"Huyo umpishe, sheria haikukuambia ufe. Lakini mwenye breki akisimama huko juu, ataondoka tena bila taabu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi madereva tunasema aliye juu amngoje wa chini." Kisha akashika keria, tukasukuma pamoja. "Kuuliza si ujinga, mpwa wangu. Ila wewe unauliza kama mtu anayefunga mlango. Uliza kama anayepiga hodi. Ukishapiga, nyamaza usikie."

Wiki nzima alinichorea barabara uani kwa kijiti, buni zikawa magari. Nilitakiwa nijibu kwanza, ndipo niulize.

Niliporudi Kayanga, afande alinitambua. Akaviweka vigari vyake palepale kwenye mlima. Nikajibu: anayeshuka amngoje anayepanda. Safari hii hakuvikusanya vigari.

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari za mikungu minne. Alicheka mpaka akavua kofia. "Na ndizi ulizifikisha?"

"Mikungu mitatu, afande. Mmoja uliondoka na akina mama."

Leseni niliipata, na kazi nikaipata. Siku chache baadaye nilikuwa nashuka mlima uleule na pikapu, nikaona kule chini mtu anasukuma baiskeli ya ndizi. Nilitamani kupiga honi tu nipite, maana nilikuwa na haraka. Nikasimama juu, nikazima injini, nikangoja. Alipanda polepole, kichwa chini, na alipofika dirishani ndipo nilipoiona sura yake. Alikuwa mjomba, jasho linamtiririka.

"Leo ndiyo umefaulu," akasema, akapita zake.

Sasa amelala kando ya migomba yake, nami bado namshukuru. Wengi waliniambia ninyamaze. Yeye alinipa mzigo, nikajua.

Kwa hiyo, mwanangu, kisome kijitabu chako, na jibu ulichoulizwa. Sababu usiache kuitafuta, lakini itafute hata kwa mikono na mgongo. Na siku utakayopata leseni, au shahada, au cheo, ujue umefika juu ya mlima, na kwamba kuna mtu anapanda na mzigo wake. Mngoje.

Mungu akupe breki zinazoshika na masikio yanayosikia. Na kila mlima utakaoupanda ukiwa umeelemewa, akuwekee huko juu mtu wa kukungoja.